Anza na mgongo: namna ya kukagua plaketi ya bronzi ya enzi ya Renesansi

Plaketi ni kibao kidogo cha bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) chenye picha iliyoinuka upande mmoja. Nyingi zinaenea kiganjani: kimo cha sentimita 4 hadi 10, unene wa milimita 2 hadi 4. Zilianza kusubiwa, yaani kumiminwa kwa madini yaliyoyeyushwa, huko Italia katikati ya karne ya 15, wakati wa Renesansi, enzi ya kufufuka kwa sanaa ya kale, zikapendwa sana Roma, Padua, Mantua, Verona na Venice, kisha mafundi wa Nuremberg na Augsburg, Ujerumani, wakazichukua na kuzisubu zaidi kwa madini ya risasi. Picha zake nyingi zimetoka katika hadithi za miungu na mashujaa wa Wagiriki na Warumi: Hercules akimkaba simba, Orpheus akiwapigia wanyama muziki, Phaethon akiporomoka kutoka mbinguni pamoja na farasi wake.

Anayeishika plaketi kwa mara ya kwanza huuliza kama ni ya kweli au ya kuigiza. Swali hilo litakupoteza njia, maana vitu hivi vilitengenezwa ili vinakiliwe. Sonara alimaliza kielelezo chake cha nta, karakana yake ikatoa nakala kadhaa, karakana nyingine ikaichukua moja na kuifanyia kalibu (umbo tupu la kumiminia madini), na kazi hiyo haikukoma kwa miaka 400. Uliza hivi badala yake: hii ni ya kizazi cha ngapi? Ni mwana wa kielelezo, mjukuu, kitukuu au kilembwe? Hatua zote zilizo hapa chini zinatafuta jibu hilo, na sehemu kubwa ya jibu iko mgongoni, mahali ambapo wauzaji wengi hawapigi hata picha.

Vifaa na matayarisho

Uwe na lenzi ya sonara inayokuza mara 10, tochi ndogo ya mwanga mweupe, kalipa (kifaa chenye taya mbili cha kupimia urefu) inayosoma hadi milimita 0.01, mizani inayosoma gramu 0.1, sumaku, na glavu za nitraili. Glavu za pamba zinateleza, na nyuzi zake hunasa kwenye kona za picha. Kunja taulo nene mezani ufanyie kazi juu yake, maana bronzi yenye bati jingi ni ngumu lakini ina kona zinazokatika ikianguka sakafuni.

Usiisafishe kabla ya kuikagua, na baada ya kuikagua usiisafishe vilevile. Ndimu, chumvi na majivu, vinavyong'arisha sinia la shaba la nyumbani, ni maangamizi hapa. Asidi ya ndimu inakula rangi nyeusi au ya kahawia ambayo fundi aliipaka kwa makusudi, nayo chumvi inabaki ndani ya vitundu vya madini na kuanza kuila bronzi kutoka ndani. Dawa za kung'arishia za kopo nazo huacha unga mweupe kwenye mikunjo ya nguo na nywele, unga ambao hautoki tena bila kukwangua. Plaketi nyingi nzuri zimepoteza ngozi yake kwa mtu mmoja mwenye nia njema na kitambaa mkononi.

Mgongo

Igeuze na uishike chini ya mwanga wa pembeni. Kuna aina tatu za mgongo utakazokutana nazo mara kwa mara.

Wa kwanza una mabonde yanayofuata miinuko ya mbele. Palipo na tumbo la Hercules upande wa picha, mgongoni pana kishimo. Hapa nta laini ilikandamizwa kwa kidole ndani ya kalibu ili unene uwe sawa kila mahali; baadaye nta iliyeyushwa, na bronzi ikamiminwa mahali pake. Fundi hakufanya hivyo kubana matumizi ya shaba tu. Bronzi ikiwa nene sehemu moja na nyembamba sehemu nyingine haipoi kwa pamoja: penye unene panachelewa kuganda, panavuta madini kutoka pembeni, na mwishowe panabaki na bonde au tundu. Ukikuza kwa lenzi waweza kuona alama ya dole gumba au michirizi ya brashi iliyoachwa kwenye nta, sasa ikiwa imegeuka kuwa bronzi. Hiyo ni dalili nzuri sana. Andika ilipo.

Wa pili ni bapa, wenye chembechembe kama msasa mlaini. Huo umetoka kwenye kalibu ya mchanga. Usihukumu haraka, kwa kuwa mchanga ulitumika hata enzi hizo. Kinachotia shaka ni ubapa uliopitiliza, wenye michirizi iliyonyooka na kwenda upande mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Huo umesagwa kwa mashine, au mtu ameukwangua ili kufuta kitu.

Wa tatu ndio wa kuutambua mapema zaidi: umejaa vinundu vya mviringo vilivyobanana kama mayai ya samaki, au umejazwa madini laini ya kijivu. Hiyo ni nakala ya umeme. Mbinu hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1830, na kampuni ya Elkington ya Birmingham iliitumia sana kutoka miaka ya 1840. Shaba haikuyeyushwa kabisa. Ilijengeka chembe kwa chembe ndani ya kalibu iliyotumbukizwa kwenye maji yenye chumvi za shaba na kupitishiwa umeme. Kwa sababu hiyo mbele yake inaweza kuwa kali kuliko hata nakala ya zamani iliyosubiwa, na anayetazama mbele peke yake hudanganyika. Gamba lenyewe ni jembamba, ndiyo maana nyuma hujazwa risasi au bati ili lisipinde.

Ukiwa bado mgongoni, tafuta mambo mawili zaidi. La kwanza ni kisiki cha mlango wa kumiminia, kwa kawaida ukingoni, kilichokatwa na kupigwa tupa. La pili ni tundu. Plaketi zilishonwa kwenye kofia, zikapachikwa kwenye vidau vya wino, visanduku na vitako vya mipini ya panga, kwa hiyo matundu ni jambo la kawaida. Tazama mdomo wa tundu kwa lenzi. Lililotobolewa baada ya kusubu lina mdomo mkali, na kama lilipitishwa uzi kwa miaka mingi, upande wa juu umelainika na kung'aa. Lililonakiliwa kutoka kwa mama lina mdomo wa duara, na mara nyingi limezibwa nusu na utando wa madini. Tundu la namna hiyo ni ushahidi tosha: mbele yako una mtoto wa plaketi iliyokuwa na tundu, wala si nakala ya kwanza.

Namba za rangi na vikaratasi vya makusanyo ya zamani viache vilivyo. Vipige picha hata kama havisomeki.

Kupima kusinyaa

Bronzi ikipoa kutoka kuyeyuka hadi joto la kawaida husinyaa takriban asilimia 1.5 ya urefu wake. Nakala iliyochukuliwa kutoka nakala nyingine, basi, ni ndogo kidogo kuliko mama yake. Umbali wa milimita 70.0 kwa mama utakuwa kama 68.9 kwa mwana, 67.9 kwa mjukuu na 66.9 kwa kitukuu. Nta nayo husinyaa kidogo, na udongo wa kalibu una tabia zake, kwa hiyo tofauti iliyo chini ya milimita 0.5 usiijengee hoja.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kupima kutoka ukingo hadi ukingo. Ukingo ulipigwa tupa, ukakatwa ili uingie kwenye fremu, au ulisubiwa pamoja na fremu pana zaidi. Pima ndani ya picha: ncha ya dole gumba la mguu hadi kilele cha rungu, kitovu hadi jicho la simba. Chagua jozi tatu za alama, moja ya wima, moja ya mlalo, moja ya mshazari, na pima kila jozi mara tatu. Kama wima imesinyaa asilimia 3 na mlalo asilimia 1, kalibu au nta ilipinda, na hesabu ya vizazi hapo haina nguvu.

Cha kulinganishia kipo. National Gallery of Art ya Washington inatunza mkusanyo wa Kress, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ya Gustave Dreyfus wa Paris. Makumbusho ya Bargello ya Florence, Bode ya Berlin na Victoria and Albert ya London nayo yana plaketi nyingi. Vipimo vinavyochapishwa na makumbusho kwa kawaida ni vya ukingoni, kwa hiyo andika barua kuomba kipimo cha alama zako mbili za ndani. Taja alama hizo kwa uwazi na ambatisha picha yenye mishale.

Mbele, kwa lenzi

Laza tochi karibu na meza, nyuzi 15 hadi 20 kutoka usawa wa plaketi, na izungushe pande zote nne. Mwanga wa juu unabamiza kila kitu na kuficha unachokitafuta.

Tazama kwanza vipele na vishimo. Vyote vinatokana na mapovu ya hewa, ila vinasema mambo tofauti. Povu lililonaswa kwenye kalibu, likigusa uso wa kielelezo, huacha pengo. Pengo hilo hujazwa madini na kuwa kipele cha mviringo kwenye nakala. Povu la gesi ndani ya bronzi yenyewe huacha kishimo. Vipele hupenda kukaa chini ya kwapa, kati ya miguu ya farasi na kwenye mikunjo ya nguo, kwa kuwa ndiko brashi ya fundi haikufika wakati wa kupaka tabaka la kwanza la udongo. Sonara wa karne ya 16 aliviondoa kwa patasi ndogo. Ukivikuta vimeachwa vingi, nakala ilitoka katika karakana yenye haraka, ya wakati wowote ule.

Kisha tafuta mikwaruzo. Mkwaruzo halisi una kingo kali na chini yake kuna rangi tofauti na ngozi ya jirani. Mkwaruzo ulionakiliwa una chini ya mviringo, kingo laini, na umefunikwa na rangi ileile iliyofunika kila kitu. Kama kuna mkwaruzo mrefu wa aina hii ya pili kwenye shavu la Apollo, mkwaruzo huo ulikuwa wa mama.

Jambo la tatu ndilo linalowashinda wengi: kutofautisha kuchakaa na kufifia. Plaketi iliyoshikwa kwa miaka 500 huchakaa penye vilele tu: pua, goti, bega, nyonga. Mabondeni kidole hakifiki, na huko kila unywele unabaki mkali. Plaketi iliyofifia kwa kunakiliwa ni laini kileleni na bondeni kwa pamoja, kama sabuni iliyotumika. Weka lenzi kwenye kona yenye kina kirefu kuliko zote, kwa mfano kati ya shina la mti na mgongo wa mtu. Ikiwa huko nako kumelainika, hakuna kidole kilichofanya kazi hiyo.

Maandishi ni kipimo kizuri kupita vyote. Galeazzo Mondella, sonara wa Verona aliyeishi kati ya 1467 na 1528 na kujulikana kwa jina la Moderno, aliacha jina hilo kwenye baadhi ya kazi zake. Tazama macho ya herufi O na R. Katika nakala za mapema macho hayo yako wazi na sakafu yake ni bapa. Kila kizazi kinayajaza kidogo, hadi O inabaki kinundu. Ukikuta herufi zenye kingo kali kuliko nywele za picha ileile, zimechongwa upya baada ya kusubu, na hapo una sababu ya kutilia shaka kila mstari mkali unaouona.

Kuisoma hadithi na kutafuta chanzo chake

Mtambue mhusika kwa anachoshika. Ngozi ya simba na rungu ni Hercules. Kofia yenye mabawa na fimbo iliyozungukwa na nyoka wawili ni Mercury. Mkuki wa ncha tatu ni Neptune, nyundo na fuawe ni Vulcan, mwezi mchanga juu ya paji la uso ni Diana, ngao yenye kichwa cha Medusa ni Minerva. Mtu anayemwinua mwenzake juu, akimbana kiuno miguu isiguse chini, ni Hercules na Antaeus: Antaeus alipata nguvu zake kwa kugusa ardhi, ambayo ndiyo mama yake.

Ukishajua hadithi, uliza picha ilianzia wapi, kwa sababu chanzo ndicho kinachokuambia plaketi inapaswa kuwa na ukali kiasi gani.

Baadhi zilitokana na vito vya kale vilivyochongwa picha. Papa Paulo wa Pili, aliyeitwa Pietro Barbo kabla ya kuchaguliwa mwaka 1464, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa vito hivyo, na plaketi zilisubiwa kutokana na alama zilizopatikana kwa kukandamiza vito hivyo kwenye nta au udongo. Mfano maarufu ni kito chekundu cha Apollo, Marsyas na Olympus, kilichokuwa mali ya Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence, na sasa kiko katika makumbusho ya akiolojia ya Naples. Marsyas, aliyethubutu kushindana na mungu kwa muziki, ameketi akiwa amefungwa kwenye mti. Apollo amesimama uchi na kinubi chake. Olympus kijana amepiga magoti akimwombea mwalimu wake. Lorenzo Ghiberti, mchongaji wa Florence, alikitengenezea kito hicho fremu ya dhahabu yenye herufi za jina la Nero, kaisari wa Roma. Fremu imepotea, lakini ziko plaketi zenye maandishi ya Nero pembezoni. Picha iliyo kwenye plaketi imegeuzwa kushoto kulia ukilinganisha na kito, kwa kuwa kito kilichongwa kwa kuzamishwa kama muhuri. Ukikuta plaketi ya mada hii ambayo haijageuzwa, mtu aliichonga akiangalia kito chenyewe au mchoro wake, na haitokani na alama ya kito.

Nyingine zilitokana na kristali. Giovanni Bernardi wa Castel Bolognese, aliyefariki mwaka 1553, alichonga kristali za Phaethon na za jitu Tityus akifuata michoro ya Michelangelo. Hapa kuna jambo la kufurahisha: kristali ilichongwa kwa nyuma na kutazamwa kupitia upande wake laini, na ukiitazama hivyo unaona picha iliyoelekea upande uleule na plaketi. Chombo cha kukatia kristali ni gurudumu dogo linalozunguka, kwa hiyo katika nakala nzuri misuli ni ya mviringo na iliyonawiri, na mipaka yake ni safi sana. Kwa Phaethon hesabu farasi wote wanne na ufuate kila mguu hadi ulipotokea. Nakala ya kizazi cha mbali huunganisha miguu kuwa donge moja.

Kundi la tatu ni vielelezo vilivyochongwa na sonara mwenyewe kwa nta, kama vya Moderno, na kwa upande wa Nuremberg vile vya Peter Flötner, aliyefariki mwaka 1546, ambaye alichonga kwenye jiwe na mbao. Za Flötner zilisubiwa kwa risasi ili ziwe vielelezo vya karakana za masonara. Usiidharau risasi kwa sababu ni madini ya bei rahisi. Nakala ya risasi yaweza kuwa karibu zaidi na mkono wa fundi kuliko ya bronzi. Nawa mikono baada ya kuishika.

Madini yenyewe

Sumaku isivute. Ikivuta, kuna chuma ndani, na bronzi haina chuma cha kutosha kuvutwa.

Kupima msongamano ni rahisi, mradi hakuna unga wa kijani juu yake. Pima uzito wa kawaida. Ning'iniza plaketi kwa uzi mwembamba ndani ya maji yaliyochemshwa na kugeuzwa mvuke yakakusanywa tena, yaani maji yasiyo na chumvi, na upime tena bila kugusa chini ya chombo. Gramu 92.4 hewani na 81.9 majini zinakupa tofauti ya 10.5, gawanya 92.4 kwa 10.5, upate 8.8. Bronzi hukaa karibu na 8.8, na hufika 9 au zaidi kidogo ikiwa na risasi nyingi. Shaba ya zinki huwa kama 8.4 hadi 8.7, zinki iliyopakwa rangi ni 7.1, na risasi tupu ni 11.3. Nakala ya umeme iliyojazwa risasi huangukia katikati, kati ya 9 na 11. Ikaushe hapohapo kwa kitambaa, kisha kwa hewa ya joto la chini.

Ukipata nafasi ya kutumia kipima madini cha eksirei, kile kinachoshikwa mkononi kama bastola, tazama zinki. Mafundi wa Renesansi walipata zinki kwa kuchoma shaba pamoja na mawe yenye zinki, na kwa njia hiyo zinki haizidi takriban asilimia 30. Kiasi kinachopita hapo kinaelekeza kwenye karne ya 18 au baadaye. Shaba safi kupita kiasi, isiyo na chembe za aseniki, antimoni, nikeli wala fedha, inaelekeza baada ya miaka ya 1860, shaba ilipoanza kusafishwa kwa umeme. Kumbuka tu kwamba mashine inasoma ngozi ya juu, na ngozi ya zamani ina bati na risasi nyingi kuliko ndani. Soma sehemu tatu, mojawapo iwe ukingoni palipokwaruzika.

Kuitunza

Unga wa kijani kibichi unaopukutika, wa rangi hafifu kama ya ndizi changa, ni ugonjwa wa bronzi. Kutu ngumu ya kijani iliyoshikamana haina tatizo. Tofauti unaijua kwa kuchokoa kidogo kwa kijiti cha mti: mgonjwa anapukutika. Ugonjwa huu huamka unyevu wa hewa ukizidi asilimia 42 hadi 46, na Mombasa, Zanzibar au Muscat hewa ya bahari huleta unyevu na chumvi pamoja. Weka plaketi kwenye kisanduku cha plastiki kisichopitisha hewa, pamoja na gramu 100 za jeli ya silika kwa kila lita 2. Chembe zake za rangi ya machungwa zikigeuka kijani, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa tatu. Iliyougua itenge na wenzake, umpelekee mhifadhi mwenye ujuzi wa madini. Yeye hutumia benzotriazoli, kemikali isiyofaa kuchezewa jikoni.

Za risasi usiziweke kwenye droo ya mbao, hasa mwaloni. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao hugeuza risasi kuwa unga mweupe, na unga huo ni sumu.

Kumbukumbu ya kuandika

Piga picha za mbele, mgongo na kingo nne, rula ikiwa kando. Kisha andika hukumu yako kwa kiwango unachoweza kukitetea, kwa mfano hivi: "Hercules na simba wa Nemea, kwa kielelezo cha Moderno. Bronzi, gramu 92.4, msongamano 8.8. Mgongo una mabonde, alama ya kidole chini kulia. Tundu moja juu, lililotobolewa baada ya kusubu. Kilele cha rungu hadi dole gumba la mguu wa kushoto milimita 58.3; nakala ya kulinganishia 59.2. Vilele vimechakaa, mabonde makali. Huenda ni mwana wa nakala hiyo au ya kiwango chake." Neno "huenda" libaki hapo mpaka upate kipimo cha nakala ya pili ya kulinganishia.